Samaki Asiyetaka Kutazamwa

Jamira alikuwa mwoga, na hakuna sababu ya kumfichia. Bwera nzima, mji wetu wa mpakani, ilijua. Mbuzi akikohoa nyuma ya ua, Jamira anashika kifua. Radi ikipiga huko juu milimani Kyondo, yeye chini ameshafunika kioo cha kujitazamia na kuchomoa redio ukutani. Alikuwa na duka la vitenge kando ya barabara inayoteremka Mpondwe, kwenye mpaka wa Kongo, na wateja walimpenda kwa sababu hakujua kushikilia bei. Aliogopa mtu asije akaondoka amenuna. Ukimtania kwa woga wake alicheka pamoja nawe. "Mashujaa wote niliosoma nao wameshazikwa," alikuwa akisema, "mimi niko hapa napima kitambaa."

Basi mtu wa namna hiyo akaandikiwa kuolewa na dereva wa lori. Musitafa alikuwa akichukua mizigo Mombasa, saruji na mabati na mafuta ya kupikia, akipita Kampala na Mbarara na Kasese mpaka nyumbani, na mara nyingi akivuka mpaka kuingia Kongo, hadi Butembo. Mume akiwa Kongo, Jamira alikuwa halali wala hali, na binti yao Asmah, aliyeolewa Mbarara, alipiga simu kumuuliza mama kama leo ametia kitu tumboni. Kila safari Musitafa alirudi, na vumbi lake na kelele zake, na kitu cha pwani kimefungwa kwenye gazeti. Mara halua, mara udi. Mwaka mmoja akarudi na samaki.

Si wa kula. Alikuwa amewaona Mombasa, kwenye kioo kikubwa katika ofisi ya wakala wa forodha, akasimama akiwatazama mpaka karani akamuuliza kama anaumwa. Tangu hapo hakuambilika. Alimwendea fundi madirisha wa Kasese akatengenezewa sanduku la kioo, refu kama jeneza la mtoto. Hivyo ndivyo Jamira alivyoliona siku lilipoingizwa sebuleni, na hakumwambia mumewe.

Samaki wa kwanza walikufa kwa ujuaji. Hawa wanataka maji ya chumvi, alisema Musitafa, na chumvi si ile ya ziwa la Katwe, mlangoni petu? Mtu wa Kasese aende kununua chumvi nje, watu wasimcheke? Akakoroga ndoo kwa ndoo chumvi ya Katwe, ile tunayotia kwenye maharagwe, akawamimina wageni wake ndani. Kumbe chumvi ya ziwa lile si chumvi ya bahari hata kidogo. Ina magadi na mambo mengine ya ardhini, na samaki wa bahari humchoma. Kabla ya adhana ya alasiri wote walikuwa wanaelea chali. Musitafa alikaa mbele ya kioo ameshika tama, na Jamira akalia, maana kwake yeye kifo chochote ndani ya nyumba kilikuwa ni hodi ya kifo kingine.

Baadaye mumewe alijifunza. Wazamiaji wa pwani walimfundisha, akawa anarudi na chumvi ya bahari kwenye magunia na mchanga mweupe laini chini ya kiti cha utingo. Alifunga pampu ya hewa kwenye betri kuukuu ya lori, umeme ukikatika isizimike. Na mwishoni akabaki na samaki wawili tu, wa jamii ile ya samaki wadogo wa mwambani wenye mdomo uliochongoka, weupe, wamejaa madoa meusi na ya manjano tangu kichwa mpaka mkia. Wakaitwa wageni, na jina hilo likawakaa.

Wageni hawa walikuwa na mambo yao. Jua likianza kuzama walijitupa mchangani, wakajifukia wazima, na asubuhi walichomoza mmoja mmoja kama watu wanaochungulia kama vita imekwisha. Mlango ukibamizwa, mchangani. Mtu akipita na shati jekundu, mchangani. Wakishtuka sana waliruka juu, ndiyo maana Musitafa alifunika sanduku kwa wavu wa mbu. Na kula kwao kulikuwa kwa kudonoa, kidogo hapa, kidogo pale, kutwa nzima. Mwanzoni walikataa kila alichowapa mpaka alipojaribu mayai ya ngege, yale ya ndani ya tumbo la huyo samaki wa ziwani, yaliyo madogo bado, ambayo wanawake wa Kahendero, kijiji cha wavuvi, huleta sokoni pamoja na samaki wenyewe. Hayo waliyapenda.

"Hawa wana tumbo dogo na roho ndogo, Jamira," alimwambia kabla ya kila safari. "Ukiwapa kingi mara moja, wanakufa. Ukiwasahau, wanakufa. Kidogo kidogo, kutwa."

"Na wakizama mchangani wasitoke?"

"Waache. Usimfukue, hata roho ikikuuma namna gani. Ukimfukua, ni ule woga wenyewe utamuua."

"Na wasipokula, Baba Asmah?"

"Unatia chakula, halafu unawapa kisogo. Unakwenda zako, au unakaa hapo hapo umegeuka. Samaki aliyeogopa hawezi kula huku mtu anamtumbulia macho. Wewe ungeweza?"

Jamira alicheka, lakini neno hilo lilimwingia. Hakuwahi kumwambia mtu, ila aliwapenda wale samaki kwa sababu walikuwa waoga kumshinda. Katika nyumba ile, kwa mara ya kwanza, kulikuwa na kiumbe ambacho yeye ndiye aliyekuwa anakituliza. Akiingia sebuleni alikanyaga polepole. Walizoea mkono wake. Alikuwa akiuingiza majini mpaka kiwiko, mayai yameshikwa kwenye ncha za vidole, nao wanakuja wanamdonoa ngozi, na yeye anatabasamu peke yake.

Kisha ukaja ule mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa, ambao watu wa mpakani hawapendi kuuzungumzia. Upande wa pili, Beni na Butembo, ugonjwa wa kutoka damu ulikuwa unaua tangu mwaka uliotangulia, na barabara zenyewe zilikuwa na watu wa bunduki. Bwera tukaacha kupeana mikono. Msikitini kukawekwa jerikeni la maji ya klorini mlangoni, kanisani hivyo hivyo, sokoni hivyo hivyo, na gari la matangazo likapita asubuhi na jioni likituambia tunawe, tusiguse maiti, tusifiche mgonjwa. Mtu akitapika kwa sababu ya pombe tu, mtaa mzima unafunga milango. Ikiwa wewe unayesoma hukuwepo, usijifanye jasiri.

Kwa Jamira ugonjwa huo uliingia nyumbani kwa sura ya Kahambu. Kahambu alikuwa mwanamke wa Butembo, Mkatoliki, muuza maharagwe, aliyevuka mpaka baada ya dada yake kufa akapanga chumba cha uani kwa Jamira. Alipimwa joto mpakani, akafuatiliwa wiki tatu, akaonekana mzima. Lakini kitu kilikuwa kimekatika ndani yake. Aliweka jerikeni lake mwenyewe mlangoni pa sebule, na dawa aliyotia humo ilikuwa kali kuliko ya mpakani, ukinawa vidole vinateleza na macho yanawasha.

"Mama Asmah, mukono," alikuwa akisema kila Jamira anapoingia. "Mukono kwanza."

"Nimenawa sasa hivi, dada."

"Utanawa tena. Ugonjwa haiko na macho, haichague mutu. Dada yangu alishikaka tu mutoto wa jirani, njo vile alikufa. Mutoto alikuwa analia, akamubeba."

Nani atabishana na hilo? Jamira alinawa. Alinawa akitoka, akiingia, akishika pesa, akishika ufunguo. Na ukweli ni kwamba alishukuru, maana aliona amepata mtu wa kumsaidia kuogopa.

Musitafa akaenda Butembo na shehena ya saruji. Jamira alimshika shati pale pale mlangoni pa lori, akamwomba aache. Yeye akamwambia mzigo wa mtu hauwezi kulala njiani, kwamba atanawa, kwamba hatamgusa mtu, kwamba atarudi ndani ya wiki. Akapiga simu kutoka Kasindi, ng'ambo tu ya mpaka. Akapiga kutoka Beni. Halafu simu ikanyamaza. Jamira akipiga anasikia ile sauti ya mwanamke inayosema Kifaransa, ya mtandao wa kule, na hakuelewa neno, lakini alianza kuichukia kama mke mwenza.

Wiki ikapita. Madereva waliorudi walisema kuna lori limechomwa njia ya Beni, lakini hawakujua la nani. Mwingine alisema barabara imefungwa na magari yanasubiri kusindikizwa na wanajeshi. Mwingine alisema Butembo watu wanaumwa ndani ya nyumba na kufichwa. Kila mmoja alimwachia Jamira habari yake akaenda zake kunywa chai.

Na wageni wakaacha kula.

Aligundua asubuhi moja. Aliingiza mkono na mayai ya ngege, nao badala ya kuja walitawanyika, mmoja akajigonga kwenye kioo, wote wakapotea mchangani. Akasema labda ni kelele za gari la matangazo. Akangoja, akarudi, mambo yale yale. Jioni mayai yalikuwa yametapakaa juu ya mchanga, hakuna lililodonolewa.

Hapo ndipo Jamira alipofanya jambo ambalo baadaye alilitubia. Alisimama mbele ya kioo akajiambia kimoyomoyo: wakila, Musitafa yu hai. Alijua ni makosa. Tangu madrasa alifundishwa kwamba kutafuta bahati kwa ndege na wanyama ni mambo ya ujinga wa zamani, na akasema astaghfirullah pale pale. Lakini neno likishaingia moyoni mwa mwoga, halitoki kwa astaghfirullah moja. Kuanzia saa ile, kila yai lililobaki mchangani lilikuwa habari kutoka Butembo.

Kwa hiyo akazidi kuwalisha. Alifunga duka mapema. Aliingia sebuleni, "mukono, Mama Asmah," ananawa, anaingiza mkono majini, anangoja, hawaji. Anatoka nje kupata hewa, anarudi, ananawa, anaingiza mkono. Alijaribu kuwafikishia chakula pale pale walipozama, vidole vikigusa mchanga. Kuhusu kisogo, alikumbuka, lakini hakuweza. Macho yake yalikataa kutoka kwenye kioo. Aliketi hapo uso umekaribia kugusana na maji, akiwaomba kwa sauti ndogo wale, wale kidogo tu, wale kwa ajili yake. Kadiri walivyojificha ndivyo alivyozidi kuogopa, na kadiri alivyoogopa ndivyo alivyozidi kuutumbukiza ule mkono.

Yule mkubwa akafa. Jamira alimkuta asubuhi amekwama kati ya kioo na mpira wa pampu, madoa yamefifia, mapezi yamechanika. Alimtoa kwa kipande cha kitenge akamzika chini ya mgomba, akabaki amechuchumaa pale mpaka Kahambu akamwinua kwa kushika nguo yake, si mwili.

"Iko samaki tu, Mama Asmah," Kahambu alisema.

"Si samaki tu," Jamira alisema.

Akabaki yule mdogo, na yeye hakuonekana tena. Kutwa nzima mchanga ulilala tuli. Kesho yake tuli. Jamira alichukua mwiko jikoni, akauosha, akafunua wavu, akausogeza mwiko mpaka ukagusa mchanga. Afukue tu ajue. Amekufa au yu mzima, ajue, maana kutojua kulikuwa kunamla nyama. Mkono ulikuwa umeshaanza kusukuma alipokumbuka sauti ya Musitafa. Akasimama hivyo, mwiko majini, muda ambao yeye mwenyewe hakuweza kuueleza. Kisha akautoa. Katika maisha yake yote, nadhani, hakuwahi kufanya tendo la ujasiri kama hilo, na hakukuwa na mtu wa kumpa pongezi.

Ilikuwa inakaribia adhuhuri. Kahambu alikuwa amekwenda sokoni. Jamira akachukua birika la maji ya mvua, akatawadha sebuleni kwenye beseni, mikono, uso, miguu, akatandika mswala hapo hapo kwa kuwa hakutaka kuliacha lile sanduku. Aliswali. Aliomba dua ndefu ya mumewe, akamwomba Mola asamehe lile neno la kijinga kuhusu samaki. Alipomaliza alikuwa amechoka hata kuogopa. Bakuli la mayai ya ngege lilikuwa karibu. Akayachota kwa vidole vile vile vilivyotawadha, akayaachia majini juu juu tu, akageuka kuukunja mswala.

Kioo cha kujitazamia kilikuwa ukutani mbele yake. Humo akaliona sanduku nyuma ya mgongo wake, na ndani ya sanduku mchanga ukachanuka kidogo, kikatokea kidomo kilichochongoka. Kikangoja. Kisha samaki akatoka mwili mzima, amekonda, tumbo limeingia ndani, akadonoa yai moja. Akatema. Akalidonoa tena, akameza.

Jamira aliuma pembe ya mswala asitoe sauti. Hakugeuka mpaka samaki alipotosheka na kurudi mchangani mwenyewe, bila haraka.

Alasiri akarudi kumpa tena. Safari hii alitoka nje kwanza kumlipa muuza maji, na alipoingia Kahambu amesharudi, jerikeni liko tayari, akanawa. Akatia mkono majini, akatoa, akageuka kama mwanzo, akatazama kioo. Samaki alikuwa amechomoza kichwa. Alikaribia yale mayai, halafu akapiga mkia kama aliyeungua, akazunguka ovyo akijikwaruza kwenye jiwe, akajitupa mchangani. Jamira akaangalia mkono wake. Akaupeleka puani.

Alikaa chini sakafuni. Haikuwa Butembo. Haikuwa ishara yoyote. Alikuwa yeye, mkono wake, umelowa dawa kutoka kwenye jerikeni, unaingia majini tangu asubuhi mpaka jioni. Alihisi aibu, na chini ya aibu furaha, kwa sababu kama si ishara, basi kutokula kwa samaki hakukumaanisha kwamba Musitafa amekufa. Na papo hapo woga ukarudi, maana kama si ishara, basi kula kwake nako hakukumaanisha kwamba Musitafa yu hai. Alikuwa hajui lolote, kama jana.

Ilimbidi amwambie Kahambu, na hilo nalo aliliogopa. Alimwambia pole pole, akimwonesha mkono.

Kahambu alisikiliza huku ameshikilia lile jerikeni kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. "Basi unataka nitoe dawa."

"Hapana, dada. Tutanawa wote. Ila samaki nitampa kwa kijiko. Kijiko chake peke yake, kisiguse dawa."

"Miye niliua samaki ya baba?"

"Mimi niliyeua. Nilikuwa naogopa sana, sikunusa hata mkono wangu."

Kahambu akaliweka jerikeni chini. Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika. "Kwetu, hii dawa ilikuja nyuma," alisema. "Ilikuja nyuma ya dada kufa. Sasa nikiiona nasema, niweke mingi, niweke mingi." Jamira alitaka kumkumbatia, lakini siku zile mtu hakumkumbatia mwenziwe. Waliketi tu pamoja, mmoja huku, mmoja kule. Kesho yake Kahambu alikuja na kijiko cha mti chenye mpini mrefu, amekiosha kwa maji ya mvua, akakitundika kwenye msumari juu ya sanduku, na akawa mkali kwa yeyote anayetaka kukigusa.

Samaki akala. Kidogo kidogo, kutwa. Tumbo likaanza kujaa, madoa yakakolea. Jamira alijizoeza kutia na kugeuka, akishona au akichambua mchele, na kioo kikimwonesha yaliyo nyuma. Nafsi ilimwambia usiamini, na yeye hakuamini, lakini siku samaki alipokula mara tatu mfululizo alijikuta anafua mashati ya Musitafa.

Simu ililia mchana akiwa dukani. Namba ya Uganda, asiyoijua.

"Mama Asmah? Mimi ni nesi, naitwa Kellen. Mzee wako amefika mpakani leo asubuhi. Amepimwa, ako na homa. Tumemuweka kwenye hema ya kutenga watu mpaka damu yake ipimwe."

Kitenge alichokuwa anapima Jamira kilianguka, mteja akakiokota.

"Mama, inaweza kuwa malaria. Wengi inakuwa malaria," nesi alisema. "Lakini amekataa kula. Hataki hata maji yenye chumvi na sukari tunayompa. Anasema tutamtilia sumu. Watu wamemwambia huko njiani kwamba anayeingia hapa hatoki. Na asipokunywa, hata kama ni malaria, itamuangusha. Tafadhali uje, umuongeleshe."

Jamira ni mtu ambaye hakuwahi kumtazama mgonjwa wa mafua bila kujifunika pua. Nyumba ya wagonjwa aliipita upande wa pili wa barabara. Alifunga duka, ufunguo ukimponyoka, akaenda kumwambia Kahambu kwamba hawezi. Kahambu, ambaye alikuwa na sababu ya kuogopa lile hema kuliko mtu yeyote Bwera, alikuwa tayari anafunga kitambaa kichwani.

"Twende," alisema. "Miye kwa dada sikwendaka. Niliogopa. Twende."

Walitembea kwa miguu hadi mpakani, nafasi ya mtu mmoja kati yao. Kwenye uzio wa plastiki wa rangi ya chungwa walinawa, wakapimwa joto, wakaoneshwa pa kusimama. Kulikuwa na njia pana tupu, kisha uzio wa pili, kisha hema ambalo upande mmoja ulikuwa umekunjwa juu ili ndugu waone. Musitafa alikuwa amekaa kitandani. Alikuwa amekonda, ndevu zimeota ovyo. Alikuwa amejikunyata kwenye pembe ya mbali kabisa, blanketi mpaka shingoni katika joto lile, na mbele yake watu wawili waliovaa mavazi meupe, uso hauonekani, ila miwani, walikuwa wameinama wakimwonesha sahani na kikombe. Wakisogea, anarudi nyuma. Wakimsemesha, anafumba macho.

Jamira alimtazama. Alimwona mumewe, na akaona pia kitu kingine alichokuwa amekitazama siku zote zile kupitia kioo.

"Baba Asmah," aliita. Sauti ilitoka ndogo, akairudia.

Musitafa akafumbua macho. Alimtafuta mpaka akampata. "Jamira. Umekuja hapa wewe?"

"Nimekuja."

"Unaogopa."

"Naogopa sana."

Midomo ya Musitafa ilikuwa imepasuka. "Wageni wanakula?"

Angeweza kumdanganya. "Mmoja anakula. Mkubwa amekufa."

"Ulimfukua?"

"Sikumfukua. Sikumfukua hata mmoja."

Musitafa aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia kwamba nyumba bado imesimama. Lakini wale wawili waliponyanyua tena kikombe, akajivuta nyuma.

Kellen, yule nesi, alikuwa amesimama upande wa Jamira, amevaa barakoa tu, msichana mwenye macho mekundu kwa usingizi. Jamira alimgeukia. "Mwanangu, waambie waweke pale anapoweza kufika. Waweke, watoke. Wasimtazame. Hata mlangoni wasichungulie."

Kellen alifikiri. "Tunapaswa kuona amekunywa."

"Mtaona kikombe kikiwa kitupu."

"Sawa, mama. Tujaribu." Akapaza sauti kuwaita wenzake. Wale wawili wakaweka sahani na kikombe kwenye kiti karibu na kitanda, wakatoka nyuma ya hema.

"Jamira, wanataka kuniua hawa," Musitafa alisema.

"Hicho chakula kipo hapo tu, Baba Asmah. Hakuna anayekutazama." Kisha akasema lile lililobaki, na kulisema kulimuuma, maana ilikuwa ni mara ya kwanza kumwona tangu simu yake ikatike Beni, na damu bado haijapimwa, na hakujua kama atamwona tena hivi. "Mimi nakupa kisogo sasa."

Akageuka. Mbele yake kulikuwa na barabara, na bodaboda zikipita, na Kahambu. Kahambu alimwangalia usoni, akaelewa, naye akageuka. Kellen akasita, halafu akageuka pia, mikono nyuma. Wanawake watatu wakasimama wanaitazama barabara ya Mpondwe kama watu wanaongoja lori.

Hakukuwa na kioo cha kumwonesha yaliyo nyuma. Kila kiungo cha mwili wa Jamira kilitaka kugeuka. Alikumbuka mwiko ulivyogusa mchanga, akashika nguo yake kwa mikono yote miwili. Gari la matangazo likapita, likatuambia tunawe, likaenda zake. Kukawa kimya.

Kisha akasikia kitanda kikilia, kama mtu anayesogea. Akasikia kikombe kikiburutwa kwenye kiti. Baada ya muda, kijiko kikagusa sahani mara moja, kikanyamaza, kikagusa tena.

Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni na woga ulikuwa mzima ndani yake, haujapungua hata chembe. Jamira hakugeuka.